Mabati ya Chumba cha Bibi

Barabara inayopita mbele ya nyumba yangu hapa Mbarara inatiwa viraka tena. Vijana wamewasha moto chini ya pipa, lami inachemka, na moshi wake umeingia mpaka jikoni. Majirani wamefunga madirisha. Mimi nimeacha langu wazi, nimekaa na kikombe cha chai ambayo sijainywa, kwa sababu harufu ile hainipeleki barabarani. Hunipeleka Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na kwa fundi mmoja mpole sana ambaye alituchosha kuliko njaa.

Nyinyi mliokua enzi zile mtakumbuka bati lilivyokuwa kitu. Vita vilikuwa vimepita, maduka ya mjini yalikuwa na rafu nyingi na bidhaa chache, na mtu aliyeezeka kwa bati jipya alitajwa kwa jina hata na watu wasiomjua. Mimi na mama tuliishi chini ya majani kama karibu kila mtu kambini. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo sina la kusimulia juu yake. Mama alizaliwa Uvira, upande wa Zaire, akaletwa Uganda na wazazi wake akiwa msichana walipokimbia matatizo ya kwao. Majirani zetu wengi walikuwa Wanyarwanda wenye ng'ombe, nao walituita Waswahili, kwa maana ya Waislamu. Mama aliuza chumvi, sabuni na viberiti kwenye kibanda karibu na njia ya kwenda ziwani, na jioni alirudi amechoka kiasi kwamba alivua viatu kwanza ndipo akasalimu.

Bibi, yaani mama yake mama, hakuishi nasi. Aliishi Nyamitanga, Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa mjomba wangu Idi, kaka mkubwa wa mama, mwenye bucha mjini. Nyumba ya Mjomba ilikuwa na sakafu ya saruji na dari ya mbao, na hakuna aliyemtendea Bibi vibaya mle ndani. Shida ni kwamba mke wa Mjomba na watoto walizungumza Kinyankore, na Kinyankore cha Bibi kiliishia kwenye salamu. Akishasalimiwa asubuhi, basi, mazungumzo yake ya siku nzima yalikuwa yamekwisha. Tulipokwenda kumwona alimshika mama kifundo cha mkono na kukaa hivyo mpaka tuondoke.

"Nitakuja kwako lini?" alimwuliza kila mara.

Mjomba ndiye aliyekuwa na jibu. "Mama atoke chini ya mabati aende kulala chini ya majani yanayovuja? Na kile kifua chake?" Kisha siku moja, labda kwa kuchoka kuulizwa, akamwambia mama, "Weka mabati, nitamleta mwenyewe. Lakini dada, unisikie vizuri. Siku nitakuta tone moja ya mvula juu yake, siku ile ile ninamurudisha."

Mama alikubali. Nadhani angekubali sharti lolote. Aliuza mbuzi wote, akauza na cherehani ya marehemu baba, akanunua mabati yaliyotolewa kwenye paa la duka moja lililobomolewa Mbarara. Yalikuwa yamezeeka, mengine yamekwisha kuota kutu pembeni, lakini yalikuwa mabati. Tuliyaleta kwa lori, mimi nimekaa juu yake, na kwenye kila kizuizi cha barabarani askari waliyagonga kwa fimbo kusikia kama kuna kitu kimefichwa chini. Mpaka leo nikisikia bati likigongwa nakaa wima.

Pamoja na mabati walikuja mafundi wawili katika mtu mmoja, kama mama alivyopenda kusema baadaye: fundi wa maneno na fundi wa kazi, na wa pili hakuwahi kushuka kwenye lori. Jina lake Erisa. Alikuwa mtu wa Mbarara, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua kila alipozungumza na mwanamke. Aliishi karibu na kambi ya jeshi na alisema ameezeka nyumba za wanajeshi. Sikumbuki hata siku moja akipandisha sauti. Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi, lakini alikuwa ananikatia vipande vya mbao nichezee, na alinyoosha misumari iliyopinda akanipa niwe natengeneza nayo ng'ombe wa udongo wenye pembe.

Sasa lazima niwaeleze jambo la misumari, maana yote yalitoka humo. Bati lina migongo na mabonde. Maji ya mvua hupita bondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni, na msumari wenyewe huwa na kichwa kipana kinachofunika tundu. Misumari ya namna ile haikupatikana siku hizo. Mafundi walitumia ya kawaida, na ili kuziba tundu walivisha kila msumari kifuniko cha chupa kilichopondwa, na chini yake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ilikuwa kazi nzuri tu. Erisa alifika na mfuko mzima wa vifuniko, akaezeka chumba cha kwanza, kisha cha pili, na mama akasimama chini mikono kiunoni, uso wake umefunguka jinsi nilivyokuwa sijauona.

Kosa la Erisa lilikuwa kujisifu. Akiwa juu, amebakiza safu ya mwisho, akamwambia mama, kwa lile neno la heshima la Kinyankore, "Nyabo, hii paa yako itakaa sana. Hii vifuniko iko ngumu. Ya soda ni laini, hii ya bia ndiyo kamili. Mimi nachukua pale kwa kantini ya maaskari."

Mama akashusha mikono. "Ya nini?"

"Ya bia."

"Uko napiga pombe juu ya kichwa ya mama yangu?"

Erisa alivua kofia, ingawa alikuwa juu ya paa na jua lilikuwa kali. "Lakini mama, bia ilisha kunywewa. Imebaki tu chuma. Na iko juu ya bati, hapana kwa kikombe."

"Mama yangu ni mutu wa kusali. Atasujudu chini ya pombe? Bitoe byote."

Walibishana, kama kule kunaweza kuitwa kubishana, mmoja amesimama imara na mwingine akisema ndiyo mama, lakini mama, ndiyo mama. Mwishowe akavitoa. Alitumia nyundo kung'oa kila msumari, akavirudisha vifuniko mfukoni mwake bila hasira. Vifuniko vya soda vingetosha, mama alikuwa tayari kuvitafuta, lakini Erisa alikuwa ameahidi kazi mahali pengine na lori la kurudi mjini lilikuwa linaondoka mchana ule. Akapiga misumari mitupu, upesi upesi, na kwa kuwa bondeni bati linagusa mbao na msumari unaingia kwa pigo moja, akaipiga bondeni. Yale matundu ya kwanza akayaziba kwa sabuni ya mche kutoka kibandani kwa mama. Mama hakujua. Alichokijua ni kwamba paa lake sasa ni safi. Mimi nilijua machache kuliko yeye: nilidhani sabuni ile ni ya kuosha pombe, na nikaona Erisa ni fundi mwenye adabu sana.

Bibi aliletwa wakati wa kiangazi. Mjomba alishuka naye kwenye gari la rafiki yake, akaingia ndani, akatazama juu kila pembe, asione kitu cha kusema. Bibi alikaa kwenye kitanda chake kipya, akavua kilemba, akasema, "Sasa niko kwetu." Na kweli, alianza kusema siku hiyo na hakuacha. Alisema na mama, na mimi, na kuku, na wanawake wa Kinyarwanda waliomletea maziwa ambao hawakuelewa nusu ya maneno yake wakacheka hata hivyo. Miguu haikumbeba tena vizuri, aliswali ameketi kitandani. Jioni mama alimpikia chai ya maziwa yenye tangawizi, nzito, akaimimina kwenye kikombe cha bati kilichochorwa ua jekundu. Bibi aliishika kwa mikono miwili na kuinywa taratibu mpaka giza liingie, na mimi nikingoja mabaki, kwa sababu sukari ilikuwa inakaa chini. Kama mtu ataniuliza utoto wangu ulikuwa na utajiri gani, nitamtajia hiyo.

Kisha mvua zikaja. Sabuni iliyeyuka mvua ya kwanza. Upande wetu, sebuleni ambako mimi na mama tulilala, maji yalidondoka kila mahali, tukapanga sufuria, beseni, kata, hata ndoo ya kuku. Asubuhi mama, macho mekundu, aliinua pazia la chumba cha Bibi.

"Mama, kwako haivuji?"

"Haivuji," Bibi akajibu.

Siku ile ile Bibi akaomba afungiwe kitambaa juu ya kitanda, kwenye mihimili, kwa kuwa mijusi inamwangukia. Mama akamfungia kitenge kikubwa cha kijani kwa pembe nne, usiku, kwa mwanga wa taa ndogo. Ilikuwa kama amejengewa chumba ndani ya chumba, na mimi nikaona wivu.

Baada ya kitambaa kile ndipo Bibi alipoanza kukojoa kitandani. Sina namna nyingine ya kulisema, hivyo ndivyo tulivyolisema nyumbani, kwa sauti ya chini. Asubuhi shuka lilikuwa limeloa, na lina madoa ya njano yanayoelekea kahawia. Bibi alijivuta mpaka pembeni akangoja mama atoe shuka na kubeba godoro nje. Mwanamke mmoja jirani alimwambia mama kwamba wazee hurudi utotoni, nami nikalichukua neno hilo jinsi lilivyo. Nilianza kumchunguza Bibi. Nilitaka kujua atatambaa lini, na kama meno yataota upya. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa pia na hamu.

Jambo moja lilinisumbua. Mama alikuwa mkali kuhusu najisi. Mtoto akikojoa karibu na mkeka wa kuswalia, mkeka wote ulioshwa. Na bado nilimkuta Bibi alfajiri ameketi juu ya lile shuka bichi, kanga kichwani, anaswali kwa utulivu kabisa, wala hajabadilisha nguo. Nikaenda kumshtaki.

"Mama, Bibi anasali juu ya mukojo."

"Nyamaza," mama akasema. "Akili ya muzee inapunguka. Mungu anajua."

Alisema hivyo akiwa anakamua shuka, mgongo umepinda. Alikuwa na kibanda cha kufungua, maji ya kuchota, sufuria za kumwaga. Kuna asubuhi moja aliinua pazia, akaona, akasema tu, "Mama, na leo tena?" Haikuwa kelele. Bibi akatazama mikono yake. Na jioni ile mama akaamua jambo ambalo kila mtu mwenye busara angeliamua: Bibi asipewe chai ya jioni, ili usiku asiwe na kitu tumboni. Alimweleza vizuri, kwa heshima. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni sawa, mwanangu. Fanya vile unaona." Kikombe chenye ua kikaning'inizwa ukutani, na jioni zikawa ndefu.

Kuhusu paa, mama hakukaa kimya. Tulipanda lori la mkaa kwenda Mbarara kumtafuta Erisa, tukaambiwa yuko Ruharo, pembeni ya mji. Ruharo tukaambiwa amerudi mjini. Tulirudi Nakivale tumejaa vumbi la mkaa puani. Tukaenda tena. Sijui ni mara ngapi, ninachokumbuka ni miguu ya mama mbele yangu kwenye vumbi, na viatu vyake vya plastiki vilivyoanza kukatika. Siku tuliyompata alikuwa juu ya paa la baraza la mtu, anapiga misumari. Aliposhuka alivua kofia.

"Nyabo, hata jana mimi nilikuwa nakufikiria."

"Nyumba yangu inavuja."

"Pole sana, mama. Hiyo sabuni imetoka. Mimi nakuja kesho."

"Kesho gani?"

Erisa akafikiri. "Kesho ya kweli," akasema.

Mama alikaa kwenye jiwe lililokuwa pale akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake, na mimi nikacheka naye bila kujua tunacheka nini. Erisa naye akacheka, kwa adabu.

Kumtendea haki, alikuja, ingawa si kesho. Alileta lami kwenye kopo dogo la maziwa ya unga, akaichemsha uani juu ya mafiga yetu, na harufu ile ikashika nguo zote za nyumba. Lami ilikuwa kidogo. Akauliza aanzie upande gani. Kabla mama hajajibu, Bibi akasema kutoka kitandani, "Anzia kwao. Huku haivuji." Erisa akapaka juu ya sebule yetu mpaka kopo likaisha, akaahidi kurudi na lami zaidi kwa ajili ya ule upande mwingine, ili kazi iwe moja. Tangu siku ile sebule ikadondosha kidogo tu, tukalala. Chumbani kwa Bibi mambo yaliendelea vilevile, na tulijua kwa nini.

Mjomba alikuja bila taarifa, asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku. Alikuja na nyama iliyofungwa kwa jani la mgomba. Alikuta godoro nje juani na shuka kwenye kamba. Aliitazama ile kamba, akatazama paa, akampa mama nyama bila kumwangalia.

"Dada, nyumba inavuja?"

Mama hakujua kusema uongo. Uso wake ulikuwa unasema kabla ya mdomo. Nilimwona anatafuta neno na halipati, kwa sababu paa lilikuwa linavuja sebuleni, hilo alilijua, na lile shuka lilikuwa aibu ya mama yake, hilo nalo alilijua, na kila jibu lilikuwa linamvua nguo mtu.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, anaota jua. "Idi," akaita. "Usimuulize dada yako. Ni miye. Niko muzee, usiku sisikie mukojo unakuja. Ninakojoa kitandani sawa mutoto. Unataka nikuambie na mengine?"

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kuchinja ng'ombe tangu ujana wake, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kusimama akamhoji mama yake juu ya jambo hilo. Hakuingia ndani wala hakutazama mabati. Alikunywa maji, akaaga, na baada ya siku chache akatuma karatasi ya nailoni nzito ya kutandika chini ya shuka, godoro lisiharibike. Mama alishukuru. Aliitandika mwenyewe, akaikunja vizuri pembeni ili isiteleze.

Kikohozi cha Bibi kilianza mvua zikiwa katikati, kikakaa. Mama alimpeleka hospitali, wakampa dawa, akapata nafuu, kikarudi. Hakuacha kusema. Alinisimulia Uvira, ziwa lao lililo kubwa kuliko letu, na harusi yake, na mume wake aliyependa samaki wadogo wa kukaanga. Alifariki kiangazi kilipoingia, saa za adhuhuri, mama amemshika kichwa. Mjomba alifika na watu wa Mbarara, wakamzika Nakivale, kwa sababu alisema azikwe kwa binti yake. Mjomba alilia waziwazi. Alimwambia mama mbele ya watu, "Umemutunza, dada. Ungemuacha kwangu angekufa zamani." Mama akaitikia kwa kichwa.

Arobaini yake iliangukia karibu na mvua mpya. Wanawake walikuwa waje kusoma hitima, na mama akataka chumba cha Bibi kitolewe vitu ili wapate pa kukaa. Aliniambia nipande kitandani nifungue kile kitenge cha kijani. Nilifungua pembe moja, ya pili, ya tatu, kikaanguka chote. Na mwanga ukaniangukia. Kulikuwa na vidoa vidogo vya jua kwenye mikono yangu, kwenye gauni, ukutani. Nilifurahi sana.

"Mama, ona. Nyota."

Mama alikuja na ufagio mkononi. Alitazama juu. Matundu yalijipanga juu ya kitanda safu kwa safu, kila mahali kifuniko cha bia kilipokuwa, na kila mahali msumari mtupu ulipolegea. Aliokota kitenge akakigeuza. Katikati kilikuwa na miduara ya kutu, mmoja ndani ya mwingine, na pale kilipolegea zaidi, upande wa miguuni, kimeoza kabisa. Alikileta puani. Kisha akafungua sanduku la mashuka ya Bibi, akanusa lile la juu, akanusa la chini yake, akanusa yote; yote yalinuka kutu.

"Haikuwa mukojo," akasema.

Sikuelewa. Alikaa chini na mashuka mapajani. Alisema maneno machache, si kwangu, na ilinichukua miaka kuyaunganisha. Kwamba alisali pale juu, na sisi tukazani amesahau twahara. Kwamba maji ya mvula ni safi. Kwamba ile nailoni tuliiweka chini yake, maji yakatuama hapo. Aliporudia hilo la nailoni aliweka mkono mdomoni, na mimi nikakimbia nje kuita jirani, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu akilia bila sauti na nilidhani amekabwa.

Kwa nini Bibi hakumwambia hata mama, nimejiuliza mpaka nimezeeka. Nadhani aliujua uso wa binti yake. Siri ambayo mama angeijua, Mjomba angeisoma kabla hajavuka kizingiti. Na labda alisikia, kutoka kwa kinywa cha Erisa siku ile ya kopo la lami, nani aliyeamuru vifuniko viondolewe, na kwa ajili ya nani.

Erisa alikuja siku ya pili baada ya hitima. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuja na debe zima la lami, misumari yenye vichwa vipana ambayo sasa ilianza kupatikana mjini, na vipande vya mpira. Alivua kofia uani.

"Nyabo, mimi nimekuja kumaliza ile upande ya mzee."

Nilimtazama mama nikitarajia atamrukia. Nilitaka amrukie. Mama alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Mwenye nilikuitia hayuko tena," akasema.

Erisa alisimama na debe lake. Alitazama mlangoni, akatazama kitanda kilichokuwa bado nje, akaelewa. Alikaa chini akashika kichwa. Baadaye, bila kuambiwa, akawasha moto, akapanda. Alifanya kazi kutwa. Aling'oa misumari yote ya bondeni, akaziba kila tundu, akapiga mipya mgongoni, mmoja mmoja, na mpira wake. Sijaona fundi akifanya kazi nzuri namna ile tangu wakati huo, na nimewaita mafundi wengi. Hakutaka chakula. Alipoondoka hakusema kesho.

Jioni ile mvua ilinyesha, ile ya kwanza ya msimu, nzito, mpaka hatukusikilizana. Tulirudisha kitanda chumbani kwa Bibi, mama akatandika godoro bila nailoni. Tukakaa tukitazama juu. Hakuna tone lililodondoka, sebuleni wala chumbani. Mama akaenda jikoni, akachemsha maziwa, akaponda tangawizi, akateremsha kikombe chenye ua jekundu ukutani akakioshea nje kwenye maji ya mvua. Aliimimina chai, akaileta, akaketi nayo kwenye kitanda cha Bibi, mikono miwili. Nilingoja anipe mabaki yenye sukari kama zamani, lakini hakuinywa.

"Angekunywa hata bikombe bibili," akasema.

Mvua ilinyesha mpaka chai ikapoa, na godoro likabaki kavu.